Shule Isiyo na Aliyefeli

Mashauri alikuwa mtani wangu kabla hajawa jirani yangu. Sisi Wazaramo na wao Wasukuma tumetaniana tangu enzi za mababu, na mtu asiyejua mambo hayo akitukuta njiani hapa Magindu anaweza kukimbia kumwita mgambo. Siku aliyofika na ng'ombe wake, vumbi hadi kwenye kope, nilikwenda kumsalimia kwa kumwambia amepotea njia, machinjio yako Dar es Salaam, aendelee mbele. Akanitazama kutoka huko juu kwake, maana ni mrefu kama mlingoti, akasema amesikia Pwani kuna watu wanaolala tangu asubuhi na amekuja kuhakikisha. Tulicheka wote wawili. Mke wangu Biasha akampelekea mkewe, Rahabu, mihogo na nazi, na kuanzia hapo tukawa ndugu.

Nayasema haya mapema ili nitakapomlaumu, na nitamlaumu, ijulikane kwamba ninayemlaumu ni mtu ninayempenda.

Hajui kusoma. Namba anazijua kuliko mimi, na ng'ombe mmoja akipungua zizini anamjua kwa kutupa jicho tu, lakini herufi hakufundishwa. Huko kwao Bariadi, walipokuwa wenzake wanakwenda shule, yeye alikuwa machungani. Pengine ndiyo maana kila jambo lililomzidi elimu alilipima kwa swali moja: nani wa kwanza? Mpira hafuatilii, hata mchezaji mmoja hamjui kwa jina, ila akipita dukani kwa Halidi jioni lazima aulize ligi inaongozwa na nani. Akishaambiwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, utadhani timu ni yake. Kwake yeye, aliyetangulia alikuwa na sababu ya kutangulia, na hakuwa na haja ya kuitafuta.

Rahabu alipofariki, mtoto wao wa mwisho, Elina, alikuwa darasa la nne. Kaka zake walikuwa wameshaacha shule, wanachunga. Siku ya tatu ya msiba Mashauri alisimama mbele ya waombolezaji akasema huyu wa kike atasoma mpaka aseme mwenyewe amechoka. Wasukuma wenzake walinong'ona kidogo kuhusu mahari. Yeye hakujali, na kwa hilo nilimheshimu.

Elina hakuwa mtoto wa kunyoosha kidole haraka. Ukimuuliza kitu ananyamaza mpaka unadhani hakusikia, halafu jioni, wewe umeshasahau, anakuja na jibu. Siku moja bwana mifugo wa kata yetu, kijana anayeitwa Brighton, alikuja kuchanja ndama. Elina alimshikia ndama wale, na kwa kila mmoja alikuwa na swali: kwa nini shingoni na si pajani, dawa inajuaje pa kwenda, kwa nini huyu anatetemeka na yule hatetemeki. Mwisho Brighton aliweka sindano chini, akakaa kwenye gogo, akamweleza kama anavyomweleza mtu mzima. Kuanzia siku hiyo mtoto akasema atakuwa daktari wa mifugo. Mimi nikaanza kumwita Dokta, na alikuwa ananiitikia bila kucheka.

Alipomaliza darasa la saba alipangiwa shule ya sekondari ya kata, hapa hapa Magindu. Pale kuna mwalimu wa Biolojia na Kemia anaitwa Stellamaris, mama mnene, mkali, anayejua kila mtoto analala kwa nani. Alikuja mwenyewe nyumbani kwa Mashauri.

"Mzee wangu, nimepata habari unataka kumpeleka shule ya binafsi," akasema. "Niachie huyu. Namfahamu. Anaelewa polepole, lakini akishaelewa hasahau. Watoto kama hawa wanataka mtu wa kuwangoja."

"Shule yenu ni ya ngapi?" Mashauri akauliza.

Mwalimu alicheka. "Ya chini huko, mzee wangu. Wewe tazama tu tulivyo."

Basi, mazungumzo yaliishia hapo. Mashauri alimpa maziwa, akamsindikiza kwa heshima zote, na alipogeuka uso wake ulikuwa umeshaamua. Mtu anakwambia kwa mdomo wake kuwa ni wa mwisho, halafu anataka mtoto wako?

Siku hizi serikali haitangazi tena shule kumi bora kama zamani. Lakini watu wameshazoea utamu huo, hawawezi kuuacha. Matokeo yakitoka Januari, vijana wanajipangia wenyewe orodha zao na kuzirusha kwenye simu. Halidi, mwenye duka, alikuwa nayo ile ya mkoa wa Pwani, na watu tulikuwa tumemzunguka kama anagawa sukari. Juu kabisa ilikuwapo shule moja ya binafsi ya Kibaha, inaitwa Upeo. Daraja la kwanza wamejaa, la pili wachache, na baada ya hapo sifuri, sifuri, sifuri.

"Waliofeli wangapi?" Mashauri akauliza.

"Hakuna," Halidi akamjibu. "Hata mmoja."

Mashauri akanigeukia, macho yanameremeta. "Umesikia, mtani? Kundi zima halina aliyekonda. Mimi nikiona kundi la namna hiyo siulizi mengi. Nyasi zipo na maji yapo."

"Na wewe mnunuzi akija zizini kwako," nikamwambia, "wale waliokonda wanakuwa wapi?"

Duka zima liliangua kicheko, kwa sababu kila mtu alijua. Asubuhi ambayo wanunuzi wanatarajiwa, mwanawe Abednego huwa anaamka mapema na kuwaswaga wale dhaifu hadi vichakani upande wa Ruvu, kisha wanunuzi wanafika na kukuta mafahali walionona tu. Mashauri ndiye aliyecheka kuliko wote, machozi yakamtoka. "Kumbe Mzaramo hulali," akasema, "unachungulia!"

Utani wetu una ubaya huo. Neno likishasemwa kwa utani hakuna anayelichukua kwenda nalo nyumbani. Angelisema Mwalimu Stellamaris pale kwenye maziwa, huenda Mashauri angelikumbuka akiwa kitandani. Nililisema mimi, mbele ya watu, tukalicheka, likaisha. Wiki iliyofuata aliuza ng'ombe, akamnunulia mtoto sanduku la bati, godoro na sare zile za bluu, akampeleka Upeo.

Sitaki kusema uongo, shule ilikuwa nzuri kuitazama. Maua yamekatwa vizuri, walimu wamefunga tai, maabara ina mabomba yanayotoa maji. Siku za kutembelea watoto nilifuatana naye mara kadhaa, kwa sababu yeye Kiingereza cha kwenye mbao za matangazo kilimtisha. Mkutano wa baba na binti ulikuwa hivi: Elina anakuja, anapiga goti kidogo, anasema shikamoo. Baba anasema marahaba, anamkabidhi chupa ya mtindi, halafu anauliza, "Umekuwa wa ngapi?" Elina anataja. Kisha wanakaa wanatazama watoto wengine mpaka kengele.

Alikuwa katikati ya darasa, saa nyingine chini kidogo ya katikati. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili alifaulu, daraja la pili. Hapa Magindu mtoto akipata hivyo shangazi zake wanavaa kanga mpya. Upeo waliita wazazi wakawaambia kwa upole kwamba shule ina wastani wake, na walio chini ya wastani huo "wanaangaliwa." Mashauri aliniuliza maana yake nini. Nikamwambia sijui, labda wanawafundisha zaidi. Ndivyo nilivyodhani, maana mtu mwenye akili timamu angedhani nini kingine?

Elina alipomaliza kidato cha tatu, mkuu wa shule alimpigia Mashauri simu. Nilikuwa nimekaa naye nje, simu imewekwa sauti kubwa kama kawaida yake.

"Mzee, tumemtenga Elina na wenzake wachache," sauti ikasema, laini kama samli. "Watasomea kituo chetu cha Kisarawe mwaka huu wa mwisho. Pametulia kule, wataangaliwa kwa karibu. Ukija utatia saini tu."

Mashauri alikata simu, akanyanyuka. Katika kazi yake, mnyama anayetengwa na wenzake na kulishwa peke yake ni dume la mbegu, au mtamba mzuri wa mahari. Wale wa vichakani kwake hawatengwi, hao wanafichwa tu. Kwa hiyo aliona jambo moja: mwanawe amekuwa wa kutengwa. Alimwita Abednego akamwambia akamate mbuzi. Jioni ile ile tulikula nyama, majirani wakaja, kina mama wakapiga vigelegele. Simu yake ililia katikati ya shangwe, nikamwona ameipokea huku anacheka, akainyanyua juu watu wapige vigelegele ndani yake, akasema maneno mawili matatu, akairudisha mfukoni. Mimi nilikuwa na mfupa wangu, sikuuliza ni nani.

Fomu Mashauri aliitia saini Kibaha, na tukaambiwa Kisarawe hakuna siku za kutembelea watoto. Likizo ya Pasaka Elina alikuja nyumbani amekonda uso. Biasha alimkalisha jikoni, akamuuliza Kisarawe kukoje. Mtoto akasema asubuhi kuna ukungu. Biasha akauliza masomo. Akasema, "Yapo, mama." Biasha aliniambia baadaye, huyu mtoto ana kitu. Nikamwambia wanawake mnapenda kutafuta vitu.

Mwezi wa tisa ukaja ujumbe kwenye simu za wazazi wote wa kidato cha nne: mahafali, Jumamosi, Kibaha, karibuni. Mashauri alijiandaa kama anaoa. Alikodi Noah, akatupakia mimi na Biasha, Abednego, na shangazi wa Elina aliyetoka Bariadi kwa basi kwa ajili ya siku hiyo. Alinunua mashada ya kumvisha mtoto shingoni, yale ya karatasi zinazong'aa, mengi kuliko shingo ya binadamu inavyoweza kubeba. Yeye mwenyewe alivaa koti la suti lililokuwa limelala kabatini tangu msiba wa Rahabu.

Kila aliyewahi kuhudhuria mahafali anajua yanavyokuwa. Muziki unapigwa, jina linaitwa, mtoto anatoka kwa madaha, ukoo wake unachomoka kwenye viti na mashada na vigelegele, wanamzingira wanapiga picha, jina linalofuata linaitwa. Sisi tulikaa ukingoni mwa viti, miguu tayari. Majina yalikwenda kwa herufi. Yakafika kwenye E. Yakapita. Shangazi akasema labda wameita kwa jina la baba. Tukangoja M. Ikapita nayo. Majina yakaisha, mgeni rasmi akaanza kusifu shule iliyokaa miaka yote bila aliyefeli, na Mashauri alikuwa bado amesimama, mashada yamejaa mkononi hadi kwenye kiwiko.

Nilimfuata mwalimu mmoja kijana aliyekuwa anagawa maji ya chupa. Nikamwambia tunamtafuta Elina Mashauri.

"Yule wa Kisarawe?" akauliza. "Mzee, wale hawako hapa. Wale si watahiniwa wetu. Wamesajiliwa kituo kingine."

"Sare yenu, ada yenu, halafu si wenu?"

"Ni utaratibu, mzee. Wenye wastani mdogo tunawaandikisha kule, ili matokeo ya shule yasishuke. Shule zinafanya hivyo." Akanipa chupa ya maji. Nilitamani kuivunja kichwani mwake, lakini kijana mwenyewe alikuwa ana haya, macho yake yalikuwa chini, na si yeye mwenye shule. Maji nikayapokea.

Mashauri alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Nilimgeukia nikidhani ataanza kelele, na mimi nilikuwa tayari kupiga kelele pamoja naye. Yeye alikuwa anayapanga vizuri mashada mkononi.

"Mtani," akasema mwisho, "ulisema pale dukani."

"Nilisema kwa utani."

"Ulisema," akarudia, akatangulia kwenda kwenye gari.

Tulipita Kinyerezi, tukatokea Pugu, tukapanda Kisarawe. Mimi mama yangu ni wa Maneromango, vilima vile nimevijua tangu mtoto, na njia nzima nilikuwa nawaonyesha hiki na kile kwa sababu kimya kile ndani ya gari kilikuwa kinaniua. Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya kupanga yenye ukuta, nyuma ya kiwanda cha matofali. Hakuna kibao. Ndani kulikuwa na wasichana wachache na sare zao za bluu, wanafua. Mmoja aliyekuwa ameinamia beseni alikuwa Elina.

Alisimama, akajifuta mikono. "Shikamoo baba. Shikamoo baba Maulidi," akanigeukia mimi. "Shikamoo mama. Shikamoo shangazi." Hakuonekana kushangaa. Alitazama yale mashada, akatazama koti la suti, na hapo ndipo midomo yake ilipoanza kucheza.

"Marahaba mwanangu," Mashauri akasema. Akashika shada moja amvishe, likawa limenasa kwenye mengine. Elina akamsaidia kulinasua, akainama akavishwa. Kisha akayachukua yale mengine taratibu mkononi mwa baba yake, akawavisha wenzake pale kwenye mabeseni, mmoja mmoja. Wasichana wale walisimama na mashada yao yanang'aa na mapovu mikononi, hawajui wacheke au walie. Biasha alipiga kigelegele kimoja, kikakatikia njiani.

"Masomo je?" Mashauri akauliza. Kwa mara ya kwanza hakuuliza ni wa ngapi.

"Kemia walinitoa, baba. Na Fizikia. Tulipofika tu hapa. Hakuna maabara, wakasema tubaki na yale tunayoyaweza."

"Wewe ulikuwa huyawezi?"

"Nilikuwa naelewa. Polepole."

Hata mimi ambaye shule iliniishia darasa la saba nilijua maana yake. Chuo cha mifugo alichokuwa anakitaka bila Kemia hawakupokei. Jioni ile tulipokuwa tunakula nyama ya mbuzi, Dokta wetu alikuwa ameshakatwa.

"Kwa nini hukuniambia?" Mashauri akauliza.

Elina alinyamaza kwa namna yake ile, tukadhani hatajibu. "Nilipiga siku ile ile walivyotuambia," akasema. "Niliazima simu ya matroni. Ulipopokea ukasema ngoja, sikiliza watu wanavyokushangilia. Ukasema umechinja mbuzi." Akaanza kukunja kona ya sketi yake. "Nikashindwa, baba."

Mashauri alikaa chini pale pale, kwenye saruji yenye maji ya sabuni, na koti lake la suti. Sijawahi kumwona mtu mzima akilia bila sauti kiasi kile. Aliyembembeleza ni mtoto.

Tulijaribu. Jumatatu tulirudi Upeo, nikasema maneno ambayo Biasha alinikataza kuyarudia nyumbani, lakini usajili wa mtihani ulikuwa umefungwa siku nyingi. Elina alifanya masomo aliyoachiwa. Januari matokeo yakatoka, akapata daraja la nne, chini ya jina la kituo ambacho hakuna aliyekisikia. Na Upeo? Walikuwa juu tena kwenye orodha ya simu, hakuna aliyefeli. Waliweka bango kubwa barabara ya Morogoro, picha za watoto wanatabasamu.

Mwalimu Stellamaris ndiye aliyekuja tena, bila kuitwa. Hakumkumbusha Mashauri neno hata moja la zamani, na angeweza. Alisema Elina anaweza kurudia mtihani wa Kemia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Aje pale shule ya kata, akae darasani na wadogo zake, atumie maabara, yeye atamfundisha bila malipo.

"Nitakuja, mwalimu," Elina akasema upesi, yeye asiyejibu upesi. "Baba akikubali."

Mashauri alisema ngoja kwanza. Mwalimu alipoondoka nilimvaa. Unangoja nini? Akasema watu watauliza. Binti aliyesoma Upeo, aliyechinjiwa mbuzi, leo anakaa dawati moja na watoto wa kidato cha tatu hapa Magindu, watasema nini? Nikamwambia watasema wanachosema siku zote, kisha watakwenda kulala. Hakucheka. Akasema, "Nipe siku chache, mtani." Nikampa, kwa sababu nilimwona ameshalainika, na Elina alikuwa ameshaanza kufua sare yake ile ya bluu, kwa kuwa hakuwa na nyingine.

Katika siku hizo chache akaja Halidi.

Tulikuwa tumekaa kivulini nje ya nyumba ya Mashauri, tunakunywa mtindi, Elina ndiye anayetumiminia. Halidi alikuja amevaa kofia yake ya Ijumaa, na furaha imemjaa. Binti yake Saburi alikuwa amefaulu darasa la saba. Alivuna ufuta mzuri mwaka ule, duka linakwenda, na orodha ilikuwa kwenye simu yake.

"Nimekuja kwako, Mashauri, kwa sababu ndiye pekee hapa kijijini mwenye mtoto aliyesoma kule," akasema. "Nisipotee. Upeo ni shule nzuri au si nzuri?"

Nilimtazama mtani wangu. Ilikuwa rahisi sana. Maneno yalikuwa machache na yote ya kweli, na mwenzake alikuwa ameyafuata kwa miguu yake. Lakini kuyasema ilikuwa ni kusema, mbele ya mwenye duka lililojaa masikio, kwamba mtoto wake ndiye aliyepelekwa vichakani. Akakizungusha kikombe chake mkononi.

"Ni nzuri," akasema. "Haina mfano."

"Sasa mbona Elina alimalizia Kisarawe?"

"Tulimhamisha wenyewe. Kifua. Kifua kilikuwa kinambana, vumbi la Kibaha lilimkataa. Kisarawe kuna hewa."

"Alhamdulillahi," Halidi akasema, akapumua. "Kuna watu wamenitisha dukani, ati pale wanawaondoa watoto wasio na akili. Nikawaambia nyamazeni, mtoto wa Mashauri namjua, hawezi kuwa katika hao."

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Elina alikuwa amesimama nyuma ya baba yake na kibuyu cha mtindi, akanitazama usoni, akatikisa kichwa mara moja tu. Nilimkasirikia Mashauri kiasi cha kutaka kumpiga, na nilimhurumia kiasi hicho hicho. Nikafumba mdomo kwa ajili ya mtoto.

Halidi akamgeukia kwa upole, maana si mtu mbaya. "Pole sana, mama. Sasa kifua kinaendeleaje? Maana wewe ni wa mifugo, tunakungoja. Unaanza lini kusoma tena?"

Elina alimtazama baba yake. Baba yake alikuwa anatazama kikombe.

"Bado hakijapona vizuri, baba," akamwambia Halidi. Akakusanya vikombe vyetu, pamoja na kile ambacho Halidi hakuwa amekimaliza, akaenda kuviosha.